Yeye Yupi? Utangulizi wa Elimu ya Viwakilishi vya Nafsi na Jinsia

Kuna kosa la Kiingereza linalorudi kila mwaka katika madaftari ya wanafunzi wa pwani, na walimu wamelichoka. Mwanafunzi anaandika kwamba mama yake amekwenda sokoni. Sentensi ya pili anamtaja mama huyohuyo kwa "he", ya tatu anarudi kwa "she", na aya inapokwisha mama amebadilika mara nne. Kalamu nyekundu inapita. Mtoto anaambiwa hakuwa makini, naye anaamini. Lakini lugha aliyokulia haijapata kumtaka aamue kama anayemzungumzia ni wa kike au wa kiume kabla ya kutamka kitenzi. Tangu aanze kusema amesema "amekwenda", "alilia", "nimemwona", na ile a- na ile -m- hazijamuuliza swali hilo hata siku moja. Lugha ya darasani inamuuliza katika kila sentensi, tena inataka jibu papo hapo.

Kitabu hiki kinalichukulia kosa hilo kuwa ushahidi. Kimekusudiwa mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa lugha, mkalimani, mwandishi wa habari, na yeyote aliyesikia mabishano ya Ulaya na Marekani juu ya "he", "she" na "they" akajiuliza yanamhusu nini mtu wa Amu, wa Pate au wa Faza. Yanamhusu, ila kwa njia yetu. Atakayeingia akitarajia kuambiwa kwamba Kiswahili kilikwisha kuyamaliza mambo hayo zamani atasikitika, na atakayeingia akidhani ni mambo ya Wazungu matupu atasikitika vilevile. Karibuni nyote.

Tuanze na hesabu. Kiswahili kina nafsi tatu, kila moja kwa umoja na wingi: mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao. Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, kina maumbo yake, lakini anayesema "yuwaya" pale wengine wanaposema "anakuja" hajaongeza swali lolote. Yu- ya Lamu nayo haijali jinsia. Kiingereza kinauliza mahali pamoja tu, nafsi ya tatu umoja. Kiarabu kinauliza zaidi: anta kwa mwanamume na anti kwa mwanamke, huwa na hiya, antum na antunna, hum na hunna, na kitenzi nacho kinafuata. Ukivuka kwenda bara, upande wa msitu wa Boni na malisho ya Waorma, unakutana na lugha za Kikushi, na huko majina hugawanywa ya kiume na ya kike. Msomali naye ana isaga kwa mwanamume na iyada kwa mwanamke, na Wabajuni wamekuwa jirani zake kwa karne nyingi, kuanzia Faza na Kiwayuu hadi Kismayu, bila kiwakilishi chao kubadilika.

Mtoto wa Lamu, basi, huamka katika lugha isiyouliza, akaenda shule inakoulizwa nafsi moja, akamalizia alasiri katika chuo cha Kurani ambako hawezi hata kumwambia mwenzake "wewe" kwa Kiarabu bila kujua anasema na nani. Wanaisimu husafiri mbali kutafuta mahali ambapo mifumo mitatu ya namna hiyo inakutana katika kichwa kimoja, na hapa ni jambo la kila siku kwa mtoto wa darasa la nne.

Ulimwenguni kwa jumla, Kiswahili si cha ajabu. Anna Siewierska alipokusanya lugha 378 kwa ajili ya atlasi ya miundo ya lugha iliyochapishwa mwaka 2005, aliona kwamba karibu theluthi mbili hazitofautishi jinsia katika viwakilishi vya nafsi. Kifini kimo humo, Kituruki kimo, na lugha za Kibantu kwa jumla. Kimaasai kina tabia ya kuvutia: majina yake hubeba alama ya kiume au ya kike mwanzoni kabisa, lakini kiwakilishi chake cha nafsi ya tatu, ninye, kinatumika kwa wote. Kiingereza ndicho kilicho upande wa wachache, ingawa kwa kuwa kimeenea sana watu hudhani tabia yake ni tabia ya akili ya binadamu.

Neno moja kuhusu istilahi, kisha tuendelee. Katika vitabu vya isimu utaona ikisemwa kwamba Kiswahili kina "jinsia" nyingi kuliko Kiingereza. Wasemao hivyo, mashuhuri wao akiwa Greville Corbett katika kitabu chake cha 1991, wanazungumzia ngeli, yaani makundi ya majina yanayotawala upatanisho. Kwa maana hiyo a-wa, ki-vi na li-ya ni jinsia za kisarufi, na hakuna hata moja inayotegemea uke au uume. Ngeli ya a-wa humchukua mtu, mbuzi, samaki na Mwenyezi Mungu, maana kipimo chake ni uhai. Katika kitabu hiki "ngeli" itabaki ngeli, na "jinsia" itahusu wanawake, wanaume na wale ambao hesabu hiyo ya wawili haiwatoshi.

Kiingereza chenyewe hakikutulia tangu zamani kama wanavyodai wanaokitetea. Neno "she" lilianza kuonekana katika maandishi ya karne ya 12, likachukua nafasi ya umbo la kale lililokaribia sana kusikika kama "he". "You" lilikuwa la wingi, likawa la heshima, likamfukuza "thou" aliyekuwa wa umoja. Katika karne ya 17 Waquaker walipoendelea kumwita kila mtu "thou", mkubwa kwa mdogo, walitukanwa na hata kupigwa kwa kuonekana hawana adabu. Kwa hiyo kugombania kiwakilishi hakukuanza juzi. "They" kwa mtu mmoja asiyetajwa jinsia limo katika maandishi tangu karne ya 14. Karne nne baadaye wanasarufi wa Uingereza ndio waliokaza kwamba "he" ndiyo itakayowabeba wote.

Bunge la Uingereza likaitia kanuni hiyo katika sheria mwaka 1850: maneno ya kiume katika sheria yahesabiwe kuwajumuisha wanawake. Sheria za Kenya nazo zina kanuni ya aina hiyo katika Sura ya 2, inayoeleza namna ya kufasiri sheria. Inaonekana ni suluhisho safi, mpaka uangalie lilivyotumika. Mwaka 1868, katika kesi iitwayo Chorlton v Lings, wanawake wa Manchester walidai kwamba ikiwa neno la kiume linawajumuisha katika sheria, basi linawajumuisha katika sheria ya kupiga kura pia. Mahakama ilikataa. Mwanamke alikuwa ndani ya "he" alipotakiwa kulipa kodi au kuadhibiwa, na nje yake alipotaka kuchagua mbunge. Kwa maoni yangu kesi hiyo inafundisha kuhusu viwakilishi kuliko vitabu vingi vya sarufi, na nimeiweka mapema kwa makusudi.

Kuhusu maneno mapya nitapita haraka. Mwanasheria na mtunzi wa muziki wa Marekani, Charles Converse, alibuni "thon" katika karne ya 19. Likaingia kamusi ya Webster ya 1934 na likatolewa katika toleo la 1961 kwa kukosa watumiaji. Kiswidi kilifanikiwa zaidi: "hen" liliingia katika orodha rasmi ya maneno ya Akademia ya Uswidi mwaka 2015. Mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster ilitangaza "they" kuwa neno la mwaka, maana lilikuwa limeanza kutumiwa kwa mtu anayejulikana, mwenye jina, ambaye hajihesabu kuwa mwanamume wala mwanamke. Hapo ndipo suala la sarufi lilipoungana na suala la utambulisho. Kuna watu ambao jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa haiafikiani na wanavyojijua, na katika lugha inayotaja jinsia kila mtu anapotajwa, suala hilo huguswa mara mia kwa siku. Ndiyo maana wanaomba waitwe hivi, wasiitwe vile. Mtu anaweza kukubaliana nao au kutokubaliana nao, lakini hawezi kuelewa uzito wa ombi lao mpaka ajue sarufi ya Kiingereza inafanya nini mdomoni mwa msemaji.

Msomaji wa Kiswahili hapo husema: basi sisi tumesalimika. Jibu hili huwa ninalisikia darasani, na hata katika makala za kitaalamu, likisemwa kwa fahari: Kiswahili hakibagui. Njooni tulipime kwa ushahidi wa Lamu wenyewe.

Shairi linalojulikana kuliko yote kutoka visiwa hivi ni wasia wa mwanamke kwa binti yake. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu aliyepambana na utawala wa Zanzibar, alilitunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya Mwana Hashima, msichana wa miaka 17. Alice Werner, aliyezuru pwani ya Kenya kati ya 1911 na 1913, alilichapisha mwaka 1917, kisha tena mwaka 1934 pamoja na William Hichens. Wasomi wamelibishania: wengine wanaona ni mafunzo ya utiifu wa mke, na Ann Biersteker alionyesha mwaka 1991 kwamba linaweza kusomwa kama maneno ya mama anayemfundisha mwanawe kuishi kwa akili katika ulimwengu wa wanaume. Hapa tuliangalie kwa jicho la viwakilishi tu.

Mama anamwambia binti kwamba kuna watano ambao radhi zao ndizo njia ya salama: Mungu, Mtume, baba, mama, na mume. Kila mmoja wao, akishatajwa, hurudiwa kwa a- ileile na -m- ileile. Sarufi haimtofautishi mume na mama, wala mama na Muumba. Hata hivyo hakuna msikilizaji anayepotea, na hakuna shairi la pwani lenye mipaka ya kike na ya kiume iliyochorwa waziwazi kuliko hilo: nani aamke na nani aachwe alale, nani aombe ruhusa na nani aitoe. Jinsia imejaa tele katika beti, ila haikukaa kwenye kiwakilishi. Imekaa katika majina, katika vitenzi vya kazi za nyumbani, katika marashi na mapambo. Atakayesema kwamba lugha isiyo na "he" na "she" haina ubaguzi wa jinsia atueleze shairi hili lilitungwaje.

Upande wa pili wa mizani kuna Mwana Khadija, aliyetawala Pate katika karne ya 18 na kutajwa katika habari za Pate kama masultani wengine. Hebu tunga sentensi ya kawaida ya tarehe: "Alipotawala aliketi na wazee, akaamuru bandari ifungwe, akawafukuza waliompinga." Anayesikia maneno hayo tu hana njia ya kujua kwamba aliyefunga bandari ni mwanamke. Mwana ndilo linaloeleza, kwa kuwa katika visiwa hivi lilikuwa jina la heshima la mabibi waungwana, kama Bwana lilivyokuwa kwa waume zao. Likitamkwa mara moja mwanzoni, msimulizi hana haja ya kulirudia. Mambo ya utawala yanasimuliwa kwa a-, sawasawa na ya mwanamume. Anayefasiri kwa Kiingereza hawezi kufanya hivyo. Kila amri ya Mwana Khadija itakuja na "she" mbele yake, na msomaji wa London atakumbushwa mara kumi katika ukurasa mmoja kwamba huyu ni mwanamke na kwamba ni ajabu.

Hii ndiyo hoja ya kitabu kizima, nami ni vizuri niiseme wazi. Kiswahili kinaijua jinsia vizuri sana, lakini kinamwachia msemaji achague wakati wa kuitaja. Huitaja katika jina la heshima, katika maneno kama mume, mke, binti, shangazi, ami, sharifu na sharifa, kisha hunyamaza. Mabishano ambayo kwa Kiingereza yamekaa kwenye kiwakilishi, kwetu yamehamia kwenye majina hayo. Mwandishi wa gazeti la Kiswahili anayeripoti habari za mtu aliyebadili jinsia anaweza kuandika aya tatu bila tatizo. Tatizo linamngoja atakapofika kwenye Bi au Bw.

Kenya ina mfano wa kweli. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani la Kitaifa libadilishe jina katika cheti cha KCSE cha Audrey Mbugua na kutoa cheti kisicho na alama ya jinsia. Kesi ile ilihusu jina na alama moja ya karatasini. Kiwakilishi hakikugusiwa, na wala hakikuwa na haja ya kuguswa na magazeti ya Kiswahili. Miaka mitano baadaye, sensa ya 2019 iliwahesabu huntha, yaani watu waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike waziwazi, na kupata 1,524; ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo iliwataja. Tahadhari kidogo hapa: huntha na mtu aliyebadili jinsia ni mambo mawili, na magazeti yetu huyachanganya kila mara.

Neno huntha linatupeleka kwenye elimu ambayo watafiti kutoka nje hawaifikirii, na ambayo Lamu inayo tele. Wanafunzi wanaosoma fiqhi ya Kishafi katika chuo cha Riyadha kilichoasisiwa na Habib Swaleh na katika vyuo vingine vya visiwani, wanakutana na huntha katika vitabu vya karne nyingi zilizopita. Mlango wa mirathi unamjadili: ikiwa dalili za mwili hazikubainika, Washafi huwapa warithi kile kilicho cha yakini na kuzuia kinachobaki mpaka hali ibainike au wapatane. Hayo wengi wanayajua. Lililo karibu zaidi na somo letu limo katika sala ya jeneza.

Anayesalia maiti humwombea kwa kiwakilishi cha Kiarabu: lahu akiwa mwanamume, laha akiwa mwanamke. Kwa sababu hiyo watu huulizana au hutangaziwa kabla ya takbiri ya kwanza: maiti ni mwanamume au mwanamke? Wamejipanga safu, wote ni Waswahili, wote wamemlilia marehemu tangu asubuhi kwa "amekufa" na "alikuwa mwema" bila kujali, na sasa lugha ya ibada inataka kujua. Imamu naye atasimama usawa wa kichwa kwa mwanamume, na kwa mwanamke usawa wa kiuno. Jinsia imejitokeza kwa dakika chache, ikiingia pamoja na Kiarabu na kutoka pamoja nacho. Sijui mahali pengine pazuri kuliko hapo pa kumwonyesha mwanafunzi kwamba sarufi mbili zinaweza kugawana kazi katika mazishi ya mtu mmoja.

Na huntha akifa? Wanazuoni wa Kishafi walijiuliza. Dua humtaja maiti kama mja, kwa umbo la kiume au la kike. Al-Isnawi, mwanachuoni wa Misri wa karne ya 14, aliona kwamba kwa huntha inafaa litumiwe neno "mamluk", mmilikiwa, na mfano wake, ili dua isimpachike asichokuwa nacho kwa yakini. Yaani kabla ya "thon", kabla ya "hen", zaidi ya miaka mia sita iliyopita, mtu wa fiqhi alikuwa anatafuta neno la kumtaja mtu asiyeingia katika safu mbili. Sitaki kumgeuza Al-Isnawi kuwa mwanaharakati wa karne ya 21. Swali lake lilikuwa la ibada na maumbile, halikuwa la mtu kujichagulia. Lakini anayesema suala la kumtaja mtu kwa neno linalomstahiki ni la kigeni katika elimu ya pwani, hakupitia mlango wa jeneza.

Tutoke msikitini twende mahakamani, maana huko gharama ya kukisia ni kubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, humpa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Mahakama za chini zinaruhusiwa Kiswahili na Kiingereza, lakini kumbukumbu huandikwa kwa Kiingereza mara nyingi. Chukua shahidi anayesema hivi: "Alinijia usiku, akaniuliza nilikompeleka mwanawe. Nikamwambia simjui. Akalia." Mkalimani ana nukta moja ya kuamua. Akisema "she" kwa sababu ya mtoto na machozi, au "he" kwa sababu ya usiku, tayari ametoa ushahidi ambao shahidi hakuutoa. Mkalimani hodari humwomba shahidi afafanue. Mwenye haraka hukisia, na karatasi haionyeshi kwamba alikisia. Nawasihi wanafunzi wa sheria waisome sura ya mahakama hata kama wataacha nyingine zote.

Mahakama za kadhi zina habari tofauti. Susan Hirsch, katika kitabu chake cha 1998 kuhusu mahakama hizo za pwani ya Kenya, alionyesha kwamba jinsia hujengwa kwa namna watu wanavyosimulia. Mume anatarajiwa kutamka, mke anatarajiwa kuvumilia, na mke anayesimulia masaibu yake mbele ya kadhi amekwisha kutoka nje ya matarajio hayo. Hata hivyo wanawake ndio waliofungua kesi nyingi, na mara nyingi walishinda. Hakuna kiwakilishi chochote katika masimulizi hayo kinachotofautisha mume na mke. Ni kitabu cha kusomwa sambamba na hiki.

Mashine nazo zimeingia. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil, Prates, Avelar na Lamb, walichukua lugha kumi na mbili zisizotofautisha jinsia katika kiwakilishi, Kiswahili kikiwemo, wakaipa programu ya tafsiri ya Google sentensi za kazi mbalimbali zifasiriwe kwa Kiingereza. Programu ilielekea kwa "he", hasa kwa kazi za sayansi na ufundi, kuliko hesabu halisi ya wanawake katika kazi hizo inavyoruhusu. Yeye wetu aliingia upande mmoja bila jinsia, akatoka upande wa pili akiwa mwanamume mhandisi. Kijana wa Lamu anayefasiri barua yake ya kuomba kazi kwa simu huenda asijue kwamba amebadilishwa njiani.

Kazi iliyobaki ni kubwa, na sehemu yake nzuri inaweza kufanywa na mwenyeji kuliko mgeni. Hatuna bado maelezo ya kutosha ya namna wasimulizi wa ngano wa Siyu na Faza wanavyowatenganisha wahusika wawili wanaoitwa wote kwa a-: wanatumia "yule" na "huyu" kwa utaratibu gani, wanarudia jina wakati gani, sauti inabadilika vipi. Hatujafuatilia mtoto anayejifunza huwa na hiya kwa kukariri na "he" na "she" kwa kusoma, tukaona ni lipi linalokaa vizuri na kwa nini. Neno shoga, ambalo kwa wanawake wa pwani ni la urafiki wa kawaida na leo mitaani ni tusi kwa wanaume, linahitaji mtu wa kuandika historia yake pole pole bila kelele za upande wowote. Hati za utenzi zilizonakiliwa na mikono ya Lamu, kama za Muhammad Kijuma aliyefariki mwaka 1945, zimo katika hifadhi za Ulaya na zinamngoja msomaji atakayezilinganisha na tafsiri zake, kiwakilishi kwa kiwakilishi.

Kuhusu matumizi ya kitabu: mifano ya Kiamu imeandikwa kama inavyotamkwa, na pale tafsiri ya Kiingereza ilipobidi nimeweka alama ya kiulizo juu ya kila "he" au "she" ambayo msemaji wa asili hakuisema. Kurasa za mwanzo zitachosha macho kwa wingi wa alama hizo. Anayesoma kwa mara ya kwanza aanze na sura ya ngano, ambayo haihitaji Kiarabu, kisha aende kwenye ya mahakama. Sura ya fiqhi isomwe pamoja na mwalimu anayeijua, na wale waliopitia chuoni wataona wamewatangulia wenzao.